Jamaa, Mawazo na Wakati: Johannes Fabian na Uchunguzi wa Dini katika Katanga, kutoka Nchi ya Kabongo hadi Migodini

1. Utangulizi

Miongoni mwa wataalamu wa kigeni waliojenga elimu yao juu ya maneno ya wasemaji wa Kiswahili, Johannes Fabian ana nafasi ya pekee. Alizaliwa mwaka 1937 huko Glogau, mji uliokuwa wa Ujerumani wakati ule na ambao leo uko Poland. Alisomea anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Chicago, na kwa zaidi ya miaka arobaini aliandika kuhusu watu wa Katanga, jimbo la kusini-mashariki ya Kongo. Wanaisimu humjua kwa kitabu chake cha historia ya Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji. Wanaanthropolojia humjua zaidi kwa hoja yake juu ya wakati. Hata hivyo, kazi yake yote ilianzia katika dini: ilianzia kwa vikundi vya wachimba migodi Wakatoliki na wake zao, waliojiita Jamaa.

Makala hii inafuatilia safari hiyo ya kitaaluma na kujaribu kuonyesha kuwa hatua zake zimefungwa na uzi mmoja, nao ni lugha. Fabian alikwenda Katanga kuchunguza dini katika maisha ya kisasa ya mijini. Huko alitambua kwamba dini aliyoitafuta imo katika mazungumzo ya Kiswahili, na kwamba mtafiti hayapati mazungumzo hayo ila kwa kushiriki. Hoja zake nyingine zilitokana na utambuzi huo. Aidha, makala inaitazama Kabongo, nchi ya Waluba iliyo kaskazini ya Kamina. Nchi hiyo ni sehemu ya eneo pana la Waluba ambalo liliipa migodi nguvukazi na lililompa Padre Placide Tempels, mwanzilishi wa Jamaa, mawazo yake ya kwanza. Fabian mwenyewe alifanya kazi mijini; lakini hoja zake, kama ni za kweli, hazina budi kupimwa shambani pia.

2. Nchi ya Kabongo kabla ya Jamaa

Leo Kabongo ni mojawapo ya wilaya tano za mkoa wa Haut-Lomami, uliozaliwa mwaka 2015 pale mkoa wa zamani wa Katanga ulipogawanywa. Makao makuu ya mkoa huo ni Kamina. Kabla ya ukoloni nchi hiyo ilikuwa ndani ya himaya ya Waluba. Chama cha mbudye kilihifadhi historia ya wafalme na kuifundisha kwa msaada wa lukasa, kibao kilichopangwa shanga na michoro ambacho msomaji wake alikipapasa kwa vidole huku akisimulia. Waaguzi walioitwa bilumbu walipandwa na pepo na kutoa hukumu na ushauri katika mambo ya utawala. Dini na siasa hazikutengana.

Nchi hiyo haikuwa imefungwa. Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika Kilemba mwaka 1874, kwenye nchi ya mfalme Kasongo Kalombo, alimkuta mfanyabiashara Juma Merikani, aliyekuja kutoka upande wa pwani ya mashariki. Wareno na mawakala wao walikuja kutoka magharibi kutafuta watumwa na pembe za ndovu. Kwa hiyo, lugha ya pwani ilisikika katika nchi ya Waluba kabla ya Mbelgiji wa kwanza kuweka mguu huko.

Baada ya kifo cha Kasongo Kalombo ufalme uligombewa, na wagombea wawili wakabaki: Kasongo Nyembo upande wa kusini na Kabongo upande wa kaskazini. Wabelgiji waliwatumia wote wawili, kisha wakaigawa himaya. Kasongo Nyembo aliendelea kupigana nao hadi alipokamatwa mwaka 1917 na kupelekwa uhamishoni. Kabongo alikubali kushirikiana na serikali, na jina lake likabaki kuwa jina la mji na wilaya. Hivyo, tangu mwanzo wa karne ya ishirini, uchifu wa Kabongo ulikuwa na sura mbili: kwa upande mmoja ulidai nasaba ya wafalme wa kale, na kwa upande mwingine ulikuwa ofisi ya dola la kikoloni.

Wamisionari nao walifika. Waingereza William Burton na James Salter walianza kazi yao huko Mwanza, katika nchi ya Waluba, mwaka 1915. Wamethodisti wa Kimarekani na Wakatoliki wa shirika la Mtakatifu Fransisko walijenga vituo vyao pia. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa imetegemea kwanza wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilielekea zaidi kwa Waluba na majirani zao wa upande wa Lomami. Mwaka 1928 reli ya kutoka Bukama hadi Ilebo, mji ulioitwa wakati huo Port-Francqui, ilikamilika na kupita Kamina. Mwaka 1956 njia nyingine iliiunganisha Kamina na Kabalo. Kijana wa Kabongo aliyekwenda migodini alipita katika ulimwengu ambao tayari ulikuwa na kodi, katekisimu, mkataba wa kazi na ratiba ya gari moshi.

3. Tempels na kuzaliwa kwa Jamaa

Placide Tempels, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1906, alifika Kongo mwaka 1933 akiwa padre wa shirika la Mtakatifu Fransisko, akafanya kazi katika nchi ya Waluba upande wa Kamina. Mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilichapwa kwa Kifaransa huko Elisabethville. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba Wabantu wanaufahamu uhai wote kwa misingi ya nguvu: kuwapo ni kuwa na nguvu, na nguvu hiyo huweza kuongezeka au kupungua kutokana na uhusiano wa watu, mababu na Mungu. Kitabu hicho kiliwaudhi baadhi ya wakuu wa Kanisa, miongoni mwao Askofu Jean-Félix de Hemptinne wa Elisabethville. Tempels alirudishwa Ubelgiji mwaka 1946 na hakuruhusiwa kurejea Kongo hadi mwaka 1949.

Waafrika wenyewe walikipokea kwa namna mbalimbali. Wengine walikisifu kwa kuwa kilikiri kwamba Mwafrika anafikiri kwa utaratibu. Wengine, hasa Paulin Hountondji wa Benin katika kitabu chake cha mwaka 1977, walikishambulia kwa kuwa kilimpa kila Mwafrika falsafa moja isiyo na mwandishi wala mjadala.

Lililo muhimu kwa makala hii lilitokea baada ya kitabu. Kuanzia mwaka 1953 Tempels alifanya kazi katika eneo la migodi la Kolwezi, na katika kambi ya Musonoi alikutana na kundi dogo la wafanyakazi na wake zao. Alipowahubiria, nao walimjibu. Na kutokana na majibizano hayo Jamaa ilizaliwa. Mafundisho yake yalizunguka mambo matatu ambayo binadamu anayatamani kuliko yote: uzima, uzazi na mapendo. Mtu hakuingia Jamaa peke yake. Mume na mke waliingia pamoja, wakifundishwa na mume na mke waliowatangulia, na iliaminika kwamba hao wa kwanza wamewazaa hao wa pili kiroho. Padre naye alizaliwa hivyo hivyo na wanajamaa. Katika koloni ambamo Mwafrika aliitwa mtoto hata akiwa na mvi, padre Mzungu aliyekubali kuitwa mtoto wa mchimba migodi na mkewe alikuwa amepindua jambo kubwa.

Inafaa kuyatazama maneno yenyewe. Katika pwani, uzima ni hali ya kuwa hai au ya kutokuwa na ugonjwa. Uzazi ni jambo la mwili na la ukoo. Na mtu mwenye mawazo mengi hudhaniwa kuwa na huzuni. Wanajamaa waliyachukua maneno hayo na kuyapanua. Mawazo yakawa neno la msingi la mafundisho yao: binadamu alikuwa katika mawazo ya Mungu kabla ya kuumbwa, na kuingia Jamaa ni kuyarudia mawazo hayo. Nalo neno jamaa, ambalo pwani humtaja ndugu au hata mwenzi wa njiani asiyejulikana jina, likawa jina la familia mpya isiyofuata kabila. Katika miaka hiyo hiyo upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere aliandika insha yake juu ya ujamaa mwaka 1962, na Azimio la Arusha likafuata mwaka 1967. Shina moja la neno lilichipuka matawi mawili, moja la dini na jingine la siasa, na matawi yote mawili yalijaribu kujibu swali lilelile: watu waliong'olewa katika koo zao watakuwa ndugu kwa njia gani?

4. Kolwezi, 1966 na 1967: kutoka karama hadi lugha

Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962 na kufariki Ubelgiji mwaka 1977. Fabian alipofika Katanga mwaka 1966, Jamaa ilikuwa imeenea katika miji ya migodi na kupita mipaka yake. Katanga ilikuwa imetoka katika kujitenga kwa miaka ya 1960 hadi 1963. Na tarehe 1 Januari 1967 mali za Union Minière zilichukuliwa na serikali ya Mobutu.

Mtafiti huyo kijana alikuja na nadharia ya Max Weber juu ya karama, yaani uwezo wa kiongozi wa kuwavuta watu kwa kipawa kinachoaminiwa kuwa si cha kawaida. Kwa nadharia hiyo, mtafiti alitarajia kumwona nabii, wafuasi, ibada na alama. Kwa Jamaa mambo hayakuwa hivyo. Wanajamaa hawakuwa na sare, hawakuwa na ngoma yao, wala hawakujenga hekalu. Jumapili walisali katika parokia pamoja na Wakatoliki wengine. Jirani aliyewatazama tu kwa macho asingewatofautisha na wengine. Kilichowatofautisha kilisikika: walizungumza. Walifundishana, walisimuliana ndoto, walipeana ushauri, na katika mazungumzo hayo maneno yale ya uzima, uzazi, mapendo na mawazo yalitumika kwa mpango maalumu.

Hapo ndipo maswali yaliyoandaliwa mapema yalipokwama. Mwanajamaa aliyeulizwa swali alijibu kwa kufundisha, na kufundisha ni mwanzo wa kumwingiza muulizaji katika Jamaa. Mtafiti aliyetaka kusimama kando na kukusanya habari alijikuta tayari yumo ndani ya uhusiano. Tasnifu yake ilikubaliwa Chicago mwaka 1969, na kitabu kilichotokana nayo, *Jamaa: A Charismatic Movement in Katanga*, kilitoka mwaka 1971. Mwaka huohuo Fabian alichapa makala ya nadharia juu ya lugha, historia na anthropolojia, ambamo alidai kwamba ukweli wa anthropolojia hautokani na mtafiti kujitenga na watu wala na ufundi wa vipimo vyake. Unatokana na maelewano yanayopatikana kati ya watu wanaozungumza. Kwa maneno mengine, lugha si chombo cha kubebea habari za dini kutoka kwa mwenyeji hadi daftarini; ni mahali ambapo dini yenyewe inatendeka.

Mfano mzuri ni makala yake ya mwaka 1973 juu ya neno kazi. Katika kambi za kampuni, kazi ilikuwa kwanza ajira ya mshahara, yenye zamu, msimamizi na adhabu. Wanajamaa walilitumia neno hilohilo kwa shughuli ya kufundisha na kuzaa wenzao kiroho. Mtu anayelitafsiri neno hilo mara moja kwa Kifaransa au Kiingereza huipoteza maana hiyo ya pili. Anayelifuata katika mazungumzo yenyewe anaona jinsi wafanyakazi walivyoifikiria hali yao ya viwandani kwa lugha waliyoimiliki.

5. Lubumbashi: dini, picha na mchezo wa jukwaani

Baada ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, Fabian alirudi Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, na kufundisha katika tawi la Lubumbashi la Chuo Kikuu cha Taifa kuanzia mwaka 1972 hadi 1974. Hapo walikuwapo wasomi wengine waliojishughulisha na maswali ya maarifa juu ya Afrika, akiwamo Valentin Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, ambaye baadaye alikipa kitabu cha Tempels nafasi kubwa katika uchambuzi wake. Ilikuwa miaka ya siasa ya uhalisia: majina ya Kikristo yalipigwa marufuku mwaka 1972, na sheria ya mwisho wa 1971 ilikuwa imeyapa haki ya kutambuliwa madhehebu machache tu. Maaskofu nao waliibana Jamaa. Katika miaka hiyo ya 1970 waliweka masharti ambayo wanajamaa walipaswa kuyakubali, na wengine waliokataa walijikuta nje ya Kanisa. Ilidhihirika kwamba mazungumzo ya mume na mke katika nyumba ya kambi yalikuwa jambo lenye uzito mbele ya wenye mamlaka.

Lubumbashi ilimfundisha Fabian kwamba Jamaa haikuwa peke yake. Nguvu ileile ya kufikiri kwa Kiswahili aliiona kwa mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, ambaye alimchorea mfululizo wa picha zaidi ya mia moja juu ya historia ya Kongo na kuzieleza kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti. Kitabu cha picha na maelezo hayo kilitoka mwaka 1996. Aliiona pia kwa kundi la waigizaji la Mufwankolo, na katika *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, historia ya mji iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani. Maandishi hayo ya Yav, yaliyopigwa chapa kwa Kiswahili kisichofuata kanuni za shule yoyote, yanausimulia utawala wa Wabelgiji kwa kuanzia jikoni na sebuleni. Fabian aliyachapa mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Katika makala ya mwaka 1978 alikuwa amekwisha kudai kwamba dini mpya, muziki, michoro na maigizo ya mijini yanapaswa kuchunguzwa kama jambo moja, yaani utamaduni wa umma wa watu wanaoishi wakati huu.

6. Hoja ya wakati

Mwaka 1980 Fabian alihamia Chuo Kikuu cha Amsterdam, Uholanzi, na mwaka 1983 akatoa kitabu kilichompa sifa kubwa, *Time and the Other*. Hoja yake ni nyepesi kueleza. Mwanaanthropolojia akiwa kijijini au kambini huzungumza na watu. Wanangojeana, wanaulizana, wanajibizana. Kwa hiyo wanashiriki wakati mmoja. Akirudi chuoni na kuandika, huwaweka watu hao katika wakati mwingine: wao ni wa jadi, wa awali, wa kabila, naye ni wa leo. Kuwanyima watu haki ya kuwa wa wakati mmoja na mwandishi ni tendo la kisiasa, na anthropolojia ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya tendo hilo.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuipima hoja hiyo kwa kiambishi kimoja. Vitabu vya desturi vilivyochapwa Afrika ya Mashariki zamani vimejaa "hu-": vijana hutahiriwa, wazee hutambika, maiti huzikwa. Kiambishi hicho hakina tarehe. Kinaleta picha ya watu wanaorudia matendo yaleyale bila ya mtu yeyote kuamua jambo jipya. Pale masimulizi yanapotumia "-li-" na "-me-", mara moja huonekana mtu mwenye jina, mwaka, sababu na mashaka. Tempels aliandika juu ya *muntu* kwa namna ya "hu-", ilhali watu waliomfundisha walikuwa walimu wa dini, walipa kodi na ndugu wa wachimba migodi. Wanajamaa walipoyachukua mawazo yake waliyarudisha katika wakati: waliyatumia kuamua namna ya kuishi na mke, na padre, na msimamizi, katika kambi fulani na mwaka fulani.

Hapa uhusiano kati ya kitabu cha 1971 na kile cha 1983 unaonekana wazi. Hoja ya wakati haikutokana na kusoma falsafa pekee. Ilitokana na kukaa na watu ambao dini yao ilimlazimu mgeni ajibu.

7. Historia ya lugha yenyewe

Mtu akikubali kwamba dini ya Katanga inatendeka kwa Kiswahili, hana budi kuuliza Kiswahili hicho kilifikaje huko. Swali hilo Fabian alilijibu mwaka 1986 katika *Language and Colonial Power*, kitabu kinachohusu miaka ya 1880 hadi 1938. Kwa kuchunguza vitabu vya mazungumzo, kamusi ndogo na miongozo ya wamisionari, maofisa na makampuni, alionyesha kuwa kuenea kwa Kiswahili katika Katanga hakuelezeki kwa misafara ya biashara peke yake. Serikali, misheni na kampuni ya migodi zilihitaji lugha moja ya kuamrishia wafanyakazi waliotoka sehemu nyingi, na zilikuwa na sababu za kuogopa lugha zilizotoka upande wa Waingereza kusini. Vitabu vingi vya maofisa hao vilifundisha amri kuliko mazungumzo.

Hata hivyo, lugha iliyokusudiwa kwa amri iligeuzwa na wafanyakazi kuwa lugha ya mapendo, ya utani, ya sala na ya kumbukumbu. Sarufi yake iliathiriwa na Kiluba na lugha nyingine za huko. Watu wakawa "batu", na mtu akawa "muntu". Mwenye kuipima kwa kipimo cha Kiswahili sanifu peke yake huiona imeharibika. Lakini katika lugha hiyo "iliyoharibika" watu walijenga mafundisho ya dini yaliyowashughulisha maaskofu, walisimulia historia ya nchi nzima, na walimfundisha profesa wa Ulaya namna ya kuuliza maswali yake upya.

8. Kurudi kwenye sala

Fabian aliporudi Lubumbashi katika miaka ya 1980 alikuta vikundi vya sala vya uamsho wa karama vimeenea ndani ya Kanisa Katoliki. Karama, dhana aliyokuwa amekuja nayo mwaka 1966, sasa ilikuwa neno la waumini wenyewe. Mazungumzo aliyoyanasa wakati huo aliyarudia miaka mingi baadaye katika *Talk about Prayer*, kitabu kilichotoka mwaka 2015. Kabla ya hapo, mwaka 2008, alikuwa ametoa kitabu kilichojengwa juu ya mazungumzo mamoja tu ya mwaka 1974 na mganga wa mitishamba wa Lubumbashi aliyefanya tambiko la kuilinda nyumba.

Vitabu hivyo viwili vinafuata utaratibu wa sharhi. Maneno ya Kiswahili huwekwa mbele, neno kwa neno, kisha mtafiti huyafafanua. Na matini nzima huwekwa katika hifadhi ya intaneti ambako msomaji yeyote anaweza kuyarudia maneno hayo na kumkosoa mfafanuzi. Utaratibu huo si mgeni katika nchi za Waswahili. Wanazuoni wa pwani wamezoea kwa karne nyingi kuisoma matini pamoja na sharhi yake, na kuiheshimu matini kuliko mfafanuzi. Mchango wa Fabian ni kuyapa heshima hiyo maneno ya mganga na ya mtu wa kikundi cha sala.

9. Kabongo kama mizani

Pamoja na sifa hizo, kuna upungufu ambao hauna budi kutajwa. Kazi ya Fabian ni kazi ya mijini. Nchi ya Waluba huonekana ndani yake kama mahali watu walikotoka. Waliokaa huko kwa muda mrefu na kuandika ni wengine, na wengi wao walikuwa wamisionari. Burton alikaa tangu 1915 hadi 1960, na kitabu chake kikubwa juu ya dini na uganga wa Waluba kilichapwa Tervuren mwaka 1961. Harold Womersley, wa misheni ileile, alikusanya masimulizi ya historia ya Waluba yaliyotoka kitabuni mwaka 1984. Msomaji akiviweka vitabu hivyo kando ya vile vya Fabian anaweza kupata picha ya hatari: mjini kuna historia, shambani kuna desturi, mjini ni leo, shambani ni jana. Picha hiyo ndiyo hasa Fabian aliyoipinga katika kitabu chake cha 1983, nayo inarudi kwa mlango wa nyuma.

Kabongo inaikataa picha hiyo. Uchifu wake ulikatwa kwa mpaka wa kikoloni. Wakristo wake walichagua kati ya misheni zilizoshindana. Vijana wake waliondoka kwa reli na kurudi na Kiswahili cha kambini, fedha na sala mpya. Mary Nooter Roberts, aliyefanya utafiti miongoni mwa Waluba mwishoni mwa miaka ya 1980, alionyesha kuwa waaguzi na vifaa vya kumbukumbu vilikuwa bado vikitumika na kufasiriwa upya. Maonyesho na kitabu alivyoviandaa pamoja na Allen Roberts mwaka 1996 vilisisitiza kwamba kukumbuka ni kuitengeneza historia na wala si kuihifadhi tu. Na katika vita vya mwaka 1998 hadi 2003, vikundi vya Mai-Mai vya kaskazini ya Katanga vilitegemea dawa na miiko iliyoaminiwa kuzuia risasi. Dawa hizo zilitengenezwa kwa ajili ya bunduki za wakati ule na kwa vijana wa wakati ule. Anayeziita mabaki ya zamani hajazieleza bado.

Kwa hiyo, hoja ya Fabian inabaki na nguvu ikiwa itapelekwa mahali ambapo yeye hakufanya kazi. Dini ya Kabongo inastahili kuandikwa kwa tarehe, kwa majina ya waliokubali kutajwa, na kwa maneno yao, yawe ya Kiluba au ya Kiswahili.

10. Hitimisho

Safari ya kitaaluma iliyoanza Kolwezi mwaka 1966 ina somo kwa idara za Kiswahili kuliko inavyodhaniwa. Kwa muda mrefu Kiswahili cha Kongo kimetajwa katika vyuo vya Afrika ya Mashariki kama lahaja ya pembeni, inayofaa kuorodheshewa tofauti zake za sauti na viambishi. Jamaa ilionyesha kwamba katika lahaja hiyo kulikuwa na fikra iliyopangwa: nadharia ya mtu, ya ndoa, ya kazi na ya Mungu, iliyojengwa na watu ambao wengi wao hawakuandika kitabu. Mafundisho yao yalipatikana kwa sababu kinasa sauti kilikuwapo na mtafiti alikuwa tayari kufundishwa.

Kizazi cha wanajamaa wa kwanza wa Musonoi kimekwisha pita. Hali kadhalika wamekwisha pita wazee wengi wa Kabongo waliokumbuka jinsi misheni, uchifu na migodi vilivyokutana katika maisha ya mtu mmoja. Wajukuu wao wanasali, wanaota, wanafundishana na kubishana, na sehemu kubwa ya mabishano hayo ni kwa Kiswahili. Mwanafunzi atakayekwenda Kamina au Kabongo kuyasikiliza hatakuwa anakwenda kuitazama zamani. Atakuwa anakwenda kuzungumza na watu wa wakati wake, na kazi yake ya kwanza itakuwa kuyaandika maneno yao kama walivyoyasema, pamoja na mahali na tarehe.